Kijiji Tulichokisiriba Wenyewe

Watu husifu Kiswahili changu. Mgeni wa mbali akija kanisani, huitwa mimi nikae karibu naye. Hawajui nilikipatia wapi, au wanajua na wameamua kunyamaza. Nilikipata kambini, kwa askari na wapagazi wa Mjerumani, nikiwapelekea maji na ndizi za kuchemsha kwenye milango ya nyumba ambazo zamani walikaa majirani zangu. Ningepewa kuchagua, ningebaki sijui hata neno moja la lugha hii, na majirani wangebaki.

Mimi si mzaliwa wa bondeni. Kwetu ni ufukweni, upande ule ambako milima inashuka mpaka majini na mtu akitaka kulima lazima apande kama mbuzi. Wanaume wa kwetu wanavua, wanawake tunafinyanga. Nilikuja Ngonga, huku bondeni, nikiwa msichana, mimi na mama, tumepakia vyungu kwenye mtumbwi tuvibadilishe kwa mahindi na maharage. Kijana mmoja akachukua chungu, kesho yake akarudi kusema kinavuja. Hakikuvuja. Chungu cha mama yangu hakijawahi kuvuja tangu dunia iumbwe. Alirudi tena kesho kutwa na maneno yale yale, mama akaanza kucheka, na mwaka haukuisha mahari ikapelekwa kwetu nami nikaletwa bondeni. Mwanzo wa ndoa yetu ulikuwa uongo, na mimi niliuona mtamu.

Anayesoma haya na hajui mila za hapa, lazima nimweleze jambo moja, la sivyo ataona tulililia kuta na paa tu. Mke wa Kinyakyusa hakutani na baba mkwe. Sisemi kwamba anamwamkia kwa kupiga magoti. Hakutani naye kabisa. Akimsikia anakohoa njiani, anaingia majanini, anajikunyata na kujifunika kichwa mpaka mzee apite. Jina lake halitamki, na hata neno linalofanana na jina hilo analikwepa na kutafuta lingine. Ndiyo maana vijana waliochunga ng'ombe pamoja hutoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe, rika moja, mbali kidogo. Wanaume hukipenda kijiji cha namna hiyo kwa ajili ya kukaa na wenzao, kula pamoja na kupiga soga, ile starehe wanayoiita ukwangala na kuijali kuliko ng'ombe. Sisi wake tulikipenda kwa sababu humo tulitembea wima. Tulikwenda mtoni saa tuliyotaka na kucheka kwa sauti, bila kutega sikio kumsikiliza mzee.

Chetu kilikuwa na nyumba kama ishirini, safu mbili zikitazamana, uwanja mpana katikati na migomba nyuma. Kilikuwa kizuri, lakini masika ya kwanza mto ulipanda ukatuingilia. Maji yalifika mpaka upande wa nyumba walikolala ng'ombe, na asubuhi tulikuta kinyesi kinaelea jikoni pamoja na vijiko. Nililia siku ile. Jirani yangu wa mkono wa kulia alisimama mlangoni pangu, sketi ya ngozi ameipandisha mapajani, akanitazama, akaangua kicheko. Akasema, "Mtu wa ziwani analia kwa ajili ya maji!" Nami nikacheka. Tangu siku hiyo tukawa marafiki, na sikuwahi kuwa na rafiki mwingine kama yule.

Wanaume walikaa siku mbili wakizungumza, wakakubaliana wachimbe mfereji upande wa juu, kutoka mwisho mmoja wa kijiji hadi mwingine, udongo wake uinue uwanja. Utaratibu wao ulikuwa wa ajabu kidogo. Hakuna aliyechimba nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Kila mtu alichimba kipande cha jirani wa kulia, na chake kilichimbwa na jirani wa kushoto. Walisema mtu akichimba chake atajihurumia, lakini cha mwenzake ataona haya kukifanya vibaya, kwa kuwa mwenye nyumba atakipita kila siku. Sisi wanawake tukafuata mtindo huo huo katika kufagia. Mimi nilifagia uwanja wa jirani yangu, yeye akafagia wa anayemfuata, na wangu ulifagiwa na mwanamke wa kushoto aliyekuwa na ufagio mkali na mdomo mkali zaidi. Asiyefagia alitaniwa mpaka akatamani kurudi kwao. Masika yaliyofuata maji yalikuja, yakaingia mferejini, yakaenda zake.

Nami nikataka kutoa changu. Bado walikuwa wakiniita mtu wa vyungu, si kwa ubaya, lakini kila nilipoitwa hivyo nilijua kwamba mimi ni wa kuja. Kuta za kule ni mianzi na matope, na kila kiangazi matope hupasuka. Nikawaambia wanawake kwamba kwetu hatuachi ufa hata kwenye kikombe cha mtoto. Kaka yangu akaleta udongo kwa mtumbwi, mwekundu na mweupe, nikawaonyesha namna ya kuuchekecha, kuukanda na samadi na majivu, kisha kuusiriba ukutani kwa kiganja, mwekundu chini, mweupe juu, na mistari ya vidole inayopita katikati. Tulikwenda nyumba kwa nyumba, wote nyumba moja kwa siku. Kiangazi kile chote mikono yetu ilikuwa na rangi ya udongo hata wakati wa kula. Tulipomaliza, watu wa kijiji cha Njisi walikuja kutazama tu, wakasimama uwanjani wasijue pa kuweka miguu. Neno mtu wa vyungu likafa bila mtu kutangaza kifo chake. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na sioni aibu kusema.

Mume wangu alikuwa amebeba mizigo ya misafara kabla hajanioa, akarudi na Kiswahili. Kwa hiyo boma la Mjerumani kule milimani lilipotuma neno, yeye ndiye aliyekwenda kusikiliza kwa niaba ya wenzake. Wenzake walimwamini kwa sababu walikua pamoja, wakalala kibanda kimoja wakiwa wachungaji, wakala chungu kimoja. Kwa watu hawa, mtu wa rika lako hakufichi kitu. Akikuficha chakula tu, ni uchawi. Hawakuwa na mahali moyoni pa kuweka shaka juu yake, na mimi pia sikuwa napo.

Siku moja alirudi kutoka bomani akaita watu wote uwanjani, wanaume kwa wanawake. Akasema bwana mkubwa atapita kukagua vijiji vya bondeni. Kijiji kitakachoonekana kimepangwa vizuri hakitaguswa. Wanaume wake hawatachukuliwa kubeba mizigo wala kulima barabara. "Kwa hiyo tupambe," akasema. "Tupambe mpaka ashangae."

Tulipamba siku tatu. Wanaume walisafisha mfereji mpaka chini ukang'aa, wakakata majani makavu ya migomba yote. Sisi tulisiriba upya. Nilianza na nyumba ya jirani yangu, nikamwekea safu mbili za mistari badala ya moja, akaniambia, "Ndaga, asante mwenzangu, sasa hata mume wangu atanawa miguu kabla ya kuingia." Yangu nikaimaliza mwisho, haraka haraka.

Mzungu alifika akiwa amebebwa kwenye machela, akashuka, akatembea. Alikuwa mwembamba na jua lilimchoma vibaya puani. Alichomeka fimbo yake mferejini kupima kina. Akapiga hatua kutoka mwisho wa uwanja hadi mwisho, akihesabu. Akainama akaingia nyumba nne au tano, akagonga kuta kwa vidole, akatazama juu kwenye paa. Nilimwona anavyogonga, nikafikiri, mtu anayesifu hagongi hivyo, hivyo hugonga mtu anayetaka kuchukua chungu. Lakini nilipuuza. Akauliza ni nani aliyezisiriba. Mume wangu akaninyooshea kidole, mzungu akasema kitu, na mume wangu akanitafsiria: "Anasema una mikono mizuri." Nikaificha mgongoni kama mtoto.

Mwezi haukwisha, askari wakaja na amri. Kijiji kinatakiwa kuwa kambi ya wakubwa na misafara inayopita kati ya ziwa na milima. Ni pakavu, pana mfereji, nyumba zipo tayari. Watu wahame kabla ya mvua. Atabaki mmoja tu wa kuangalia kambi, na huyo ni mume wangu kwa kuwa anajua lugha.

Wanaume walikaa peke yao siku nzima nyuma ya migomba. Sisi hatukuitwa. Waliporudi, macho yao yalikuwa mekundu na hakuna aliyezungumza na mkewe. Mume wangu aliniambia amejaribu kila njia, amewasihi wale watu wa boma, wamekataa. Alisema hivyo huku ameshika tama. Nikamwekea maziwa ya mgando, nikamwonea huruma kwamba amebebeshwa mzigo wa wote.

Wenzetu walirudi kwa baba zao, upande wa Makwale. Wapi pengine? Ardhi ya kujenga kijiji kipya haikuwepo karibu, na vijana wenyewe walianza kuchukuliwa kwa kazi za barabara zile zile tulizodhani tumezikwepa. Jirani yangu alifunga mikeka yake, akatoka nje, akapitisha kiganja kwenye mistari ya ukuta. "Nakwenda kuishi majanini," akaniambia. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Nilijua maana yake: na tumbo lile, kila siku ajikunyate na kuinuka, ajikunyate na kuinuka. Tulilia tukiwa tumeshikana. Na hapa lazima niseme kitu ambacho sijakisema hata kwenye maungamo. Wakati nalia, kwenye pembe moja ya moyo wangu nilifurahi kwamba si mimi ninayekwenda. Sikumwambia mtu. Hata mume wangu sikumwambia.

Baada yao, nilifagia uwanja wote peke yangu. Siku ya kwanza nilianza na wa jirani yangu kwa mazoea, nikafika kwenye wangu nikasimama, maana haukuwa wa zamu yangu kamwe. Misafara ikaja. Wapagazi walilala kwenye vitanda vya wenzetu, wakachoma nguzo za zizi kuotea moto, wakafuta mikono yenye mafuta kwenye kuta. Mume wangu alipewa koti lenye vifungo vya shaba. Alilivaa hata wakati wa jua kali, jasho likimtiririka, na mimi nililifua.

Kulikuwa na askari mmoja mzee, mtu wa pwani, mpole, aliyependa kunifundisha maneno. Yeye ndiye aliyenifungua macho, tena bila nia mbaya. Nilikuwa nimemletea ndizi, akasema, "Mama, mume wako ni mtu mwerevu. Sisi tulikuwa twende kujenga kambi kule juu ya mto, tuanze kukata miti. Akaja mwenyewe bomani akasema, kwa nini mjisumbue, mimi nina kijiji kizima. Nipeni muda kidogo nikitengeneze, mje mtazame."

Nikamwuliza ilikuwa lini. Akafikiri, akaniambia. Ilikuwa kabla ya zile siku tatu za kupamba.

Sikuweza kukasirika kwanza, nilihesabu tu. Alipotuita uwanjani, alijua. Aliposema tupambe mpaka ashangae, alijua. Aliponitazama nikichora safu ya pili ya mistari kwenye nyumba ya rafiki yangu, alijua zile nyumba si zao tena. Alitupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, watu wa nyumba ishirini kwa mpigo, na mimi nikiwemo. Hasira ilikuja baadaye, njiani kwenda Makwale, na ilikuja yote.

Sikumwambia kitu siku ile. Kesho yake nilichukua kikapu cha udongo mweupe, nikaenda Makwale. Nilitaka rafiki yangu asikie kutoka kinywani mwangu kwamba sikujua. Na nilitaka nimsiribie ukuta wake, wowote atakaokuwa nao, kwa sababu sikujua njia nyingine ya kuomba radhi kwa kosa la mume wangu.

Nilikuwa nimekaribia kijiji cha wazee niliposikia kikohozi njiani. Wazee wa pale, kwa mila, wote niliwahesabu wakwe. Nikaruka pembeni, nikaingia kwenye majani marefu, nikajikunyata nguo kichwani. Nikasikia mtu anapumua karibu yangu. Nikainua nguo kidogo. Alikuwa yeye. Amechuchumaa, mtungi wa maji umeinama kando yake nusu umemwagika, mtoto mchanga amefungwa kifuani na amezibwa mdomo kwa titi asilie. Alikuwa amekonda.

"Ugonile," nikanong'ona kumwamkia.

Akatazama kikapu changu. "Umeleta nini?"

"Udongo. Nije nikusiribie nyumba."

"Nyumba ipi? Tunalala nyuma ya zizi." Mzee akakohoa tena, karibu zaidi, tukainamisha vichwa. Alikuwa hana haraka yule mzee. Alisimama njiani akaanza kuzungumza na mwenzake habari za fahali wake.

Nikamwambia kwa kunong'ona, mdomo wangu karibu na sikio lake, kwamba nimejua yote. Kwamba mume wangu ndiye aliyekitoa kijiji, alikwenda mwenyewe bomani, na mimi sikujua.

Akageuka akanitazama. "Hukujua? Wewe ndiye uliyeomba."

"Mimi?"

"Mume wako aliwaambia wanaume, siku ile walipokaa nyuma ya migomba. Alikiri kila kitu, wakataka kumpiga. Ndipo akasema ni wewe. Kwamba umechoka na maisha ya mke wa kijijini, unataka kukaa na watu wa serikali. Ulilia usiku na mchana, ukaapa kurudi ziwani na mtoto wao tumboni. Akasema afanyeje na mke wa kuja? Wakamwachilia. Wakamwonea huruma, mwenzangu. Mume wangu alinieleza tulipofika huku, akasema, maskini, ameoa vibaya."

Sikuwa na mimba. Sijawahi kumwomba. Nilitaka kupiga kelele, na mkwe alikuwa amesimama hatua kumi kutoka tulipo, anasifu pembe za fahali. Nikanong'ona, "Si kweli. Naapa si kweli."

"Hukufurahi kubaki?"

Ningeweza kusema hapana. Wakati nalitafuta neno hilo, yeye alikuwa ananitazama usoni, na alinijua kuliko mtu mwingine yeyote bondeni. Akatikisa kichwa polepole.

"Kabla ya udongo wako," akasema, "nani wa bomani alituona?"

Wazee wakaondoka. Akainuka kwa shida, akashika goti, akajitwisha mtungi wake uliobaki nusu. Nikamnyooshea kikapu. Hakukigusa. Akarudi njiani, akaangalia huku na huku kama kuna mwingine anayekuja, akaenda. Nilibaki mle majanini muda mrefu ingawa hapakuwa tena na wa kumficha uso.

Nilirudi kambini jua likiwa bado juu. Nilimkuta mume wangu anafunga upya mlango wa nyumba ya jirani yangu, msafara uliopita ulikuwa umeung'oa. Koti amelitundika kwenye mgomba. Nikamweleza nilikotoka na nilichoambiwa, lote, na sauti yangu safari hii sikuizuia, mpaka askari wawili wakatoka nje kutazama. Nilitegemea akane. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana kwake, nina maneno ya kumjibu. Hakukana.

Nikamwuliza, "Kwa nini mimi?"

Akakaza kamba ya mlango kwanza, akajaribu kama imeshika.

"Ningemtaja nani?" akasema. "Kila mtu pale ana baba, ana kaka, ana wajomba. Ningemtaja yeyote, kungekuwa na vita. Wewe huna mtu hapa."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyoeleza mtu kwa nini ameukata mti huu akauacha ule. Kisha akaniuliza kama askari wameshapelekewa maji. Nikachukua mtungi nikaenda mtoni, na kwenda na kurudi sikukutana na mwanamke hata mmoja.